Kupima mwendo wa goti Tanga: goniometa, eksirei ya ubavu, au kipimo kikubwa cha picha?

Bibi mmoja wa Ngamiani aliletwa kwangu na mjukuu wake akiwa na kadi mbili na bahasha ya picha. Alikuwa amevunjika mfupa wa muundi karibu kabisa na goti, akakaa na plasta wiki kadhaa, na ilipofunguliwa goti likagoma kukunja. Kadi ya kwanza ilisema goti linakunja digrii 95. Ya pili, aliyopimwa siku nne baadaye mahali pengine, ilisema 104. Mjukuu, kijana wa chuo, alikuwa amechora mistari kwenye picha ya eksirei kwa kompyuta yake akapata 99.

"Dokta, ipi ya kweli?" akaniuliza. "Au tumpeleke bibi Dar akapigwe kipimo kikubwa?"

Bibi akadakia: "Mie digrii za nini, mwanangu? Nataka kukaa kwenye mbuzi nikune nazi yangu mwenyewe."

Swali la yule kijana naulizwa karibu kila wiki, na wanafunzi wa fiziotherapia, na familia za wagonjwa, na hata wenzangu wanaotaka kufanya utafiti. Nimeona nivipange vipimo hivi kimoja kando ya kingine, anayetaka kuchagua ajue anachagua nini. Msimamo wangu nautoa mapema: kipimo kiko sahihi kwa mwendo fulani na kinaweza kuwa hafifu kwa mwendo mwingine wa goti lile lile. Amua kwanza ni mwendo upi unaoutafuta, na kosa kubwa kiasi gani linaweza kubadilisha tiba.

Goti linakwenda wapi

Goti si bawaba ya mlango. Ukiushika mfupa wa paja ukatulia, mfupa wa muundi unaweza kwenda njia sita. Unakunja na kunyooka. Unajizungusha kuelekea ndani au nje. Unainama upande, kama kwa mtu mwenye matege. Kisha unateleza mbele na nyuma, unateleza kushoto na kulia, na unakaribia au kuachana na paja. Mwaka 1983 watafiti Grood na Suntay walipendekeza mihimili ya kuzieleza njia hizo kwa lugha ambayo daktari anaielewa, na maabara nyingi za mwendo bado zinafuata utaratibu wao.

Kukunja ndiko kukubwa kuliko zote, hufika digrii 140 hivi, na waliozoea kukaa chini hupita hapo. Njia nyingine ni za digrii chache na milimita chache. Kwa hiyo kosa la digrii 5 kwenye kukunja linavumilika. Kosa hilo hilo kwenye mzunguko wa digrii 8 limekula zaidi ya nusu ya ulichokuja kukiona.

Goniometa na eksirei ya ubavu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hivi viwili ndivyo wengi wetu tunavyo karibu.

Goniometa ni rula mbili za plastiki zilizounganishwa na duara lenye digrii. Kitovu chake unakiweka upande wa nje wa goti, juu ya nundu ya mfupa wa paja. Mkono mmoja unaelekea kwenye nundu ya nyonga, mwingine kwenye kifundo cha nje cha mguu. Kazi ni ya dakika moja, haina mionzi, na unaweza kuirudia kila kliniki.

Udhaifu wake uko kwenye kuzipata nundu. Bibi yule alikuwa amejifunga kanga mbili na hakutaka kuzifungua mbele ya mjukuu wake, ni haki yake. Lakini nundu ya nyonga ukiipapasa juu ya kanga mbili unaikosa. Ukiikosa kwa sentimita 2, na paja lina urefu wa sentimita 40, mkono wa goniometa umeshapinda karibu digrii 3 kabla hujasoma chochote. Ndiyo maana kwa kawaida tunasema mpimaji mmoja akirudia hukosea ndani ya digrii 5 hivi, na wapimaji wawili tofauti wanaweza kuachana zaidi ya hapo. Goniometa fupi ya mfukoni inafaa vidole. Kwa goti tumia ya mikono mirefu.

Kuna jambo lingine ambalo halina uhusiano na plastiki wala macho. Nilipomuuliza bibi alipimwa vipi, akaeleza vizuri kuliko kadi zake. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda akaambiwa akunje mwenyewe mpaka atakapoweza. Mara ya pili alilala chali na mtaalamu akamsukumia kisigino kuelekea makalioni mpaka akasema "basi". Hivyo ni vipimo viwili vya vitu viwili: nguvu yake mwenyewe, na uwezo wa goti likisukumwa. Mkao wa nyonga nao unaingia, kwa kuwa msuli mmoja wa mbele ya paja unapita nyonga na goti kwa pamoja. Ukimlaza mtu kifudifudi msuli huo unakazwa na goti linakunja kidogo kuliko akiwa amelala chali. Kadi zote mbili zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni neno moja moja: "mwenyewe", "kusukumwa".

Sasa eksirei ya ubavu. Faida yake inaonekana papo hapo: unaona mfupa wenyewe, ngozi na mafuta na kanga vimekaa pembeni. Watafiti wengi hutumia picha hii kama kigezo cha kuipimia goniometa. Unachora mstari katikati ya mfupa wa paja, mwingine katikati ya muundi, unasoma pembe. Kuna programu ya bure iitwayo ImageJ ambayo ina kifaa cha kusoma pembe, na ndiyo aliyoitumia yule kijana.

Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli kinadanganya kitu kikikaa mshazari. Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho yangu. Nikachukua vipande viwili vya nondo, nikavifunga kwa bolti, nikavikaza kwenye pembe ya digrii 45 niliyoipima mezani. Mtaalamu wa mionzi mmoja mwenye moyo akakubali kunipigia picha mchana kulipokuwa hakuna foleni. Nondo zilipolala sawasawa na kaseti, kile kibao kinachopokea picha, picha ilisoma 45. Kisha nondo ya juu ikabaki imelala sawa na kaseti, nikaizungusha palepale kwa digrii 30, ya chini ikainuka pamoja nayo, kama mtu anavyougeuza mguu wake. Picha ikasoma 41. Nondo hazikuwa zimelegea hata kidogo, na hesabu ya vivuli ndivyo inavyotabiri. Kwa goti la mtu usiangalie pembe kabla hujaangalia vile vifundo viwili vya chini ya mfupa wa paja. Kama vimelaliana kimoja juu ya kingine, picha ni ya ubavu kweli. Kama vimeachana, mguu ulikuwa umegeuka, na pembe utakayosoma ina kosa ambalo hakuna programu itakayokuonyesha.

Halafu kuna urefu wa picha. Mfupa wa paja haukunyooka kama mti wa nanga, umejipinda kidogo kuelekea mbele. Picha fupi inayoonyesha sehemu ya chini tu ya paja inakupa mstari mmoja, ndefu inakupa mwingine. Goniometa, inayotafuta nundu ya nyonga, inafuata mstari wa tatu. Ukivilinganisha utaona tofauti inayojirudia kila mara upande ule ule. Tofauti ya namna hiyo inatibika: chagua mstari mmoja ubaki nao kwa mgonjwa huyo mwanzo hadi mwisho. Mistari mifupi nayo ni mibaya kwa sababu nyingine. Ukikosea nukta kwa milimita 2 kwenye mstari wa milimita 50 umekosea zaidi ya digrii 2. Kwenye mstari wa milimita 100 kosa hilo linabaki digrii 1 na kidogo.

Mionzi ya eksirei moja ya goti ni midogo sana, takriban milisivati 0.005, wakati mtu kwa wastani duniani hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Hofu ya picha moja haina msingi. Lakini kumpiga mtu picha kila wiki ili tu usome pembe, wakati goniometa ipo, siungi mkono. Na nauli ya daladala na ada ya picha vinatoka mfuko ule ule wa dawa.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: kufuatilia maendeleo ya kukunja, chagua goniometa, mpimaji yule yule, mkao ule ule, na andika kama mgonjwa amekunja mwenyewe au amesukumwa. Eksirei ya ubavu itafute pale unapotilia shaka kwamba mfupa wenyewe umeunga vibaya, au kuna kipande kinachozuia, au mgonjwa ni mnene kiasi kwamba nundu hazipatikani.

Simu nayo nitaitaja kwa ufupi. Programu za kupima mwinamo, ukiilaza simu kwenye muundi, zinafanya kazi isiyopishana sana na goniometa, na nyumbani zinasaidia. Sharti ni kuilaza simu pale pale kila siku.

Vipimo vinavyoufuata mfupa ukiwa njiani

Mpaka hapa tumepima goti lililosimama. Anayetaka kujua muundi unateleza vipi mtu anapopanda ngazi anahitaji vyombo vingine, na hapa bei na usahihi vinapaa pamoja.

Maabara nyingi hubandika vialama vinavyong'aa juu ya ngozi na kuvifuata kwa kamera kadhaa. Kwa kukunja na kunyoosha vinatosha. Kwa mzunguko na kuinama upande siviamini, na sababu unaweza kuijaribu sasa hivi: weka kidole kwenye paja lako, kaza msuli, kunja goti. Ngozi inahama. Juu ya paja inaweza kuhama sentimita nzima na zaidi ikilinganishwa na mfupa, na mwendo unaoutafuta ni wa milimita. Kamera inaweza kuwa nzuri kupita kiasi na bado ikafuata ngozi.

Fluoroskopi inaondoa tatizo hilo kwa kupiga eksirei mfululizo kama filamu. Mashine ya mkono wa herufi C, ile inayotumika chumba cha upasuaji wa mifupa, ni fluoroskopi ya bomba moja la kutoa mionzi. Kwa kuchanganya filamu yake na umbo la mifupa lililotengenezwa kutokana na kipimo cha CT (eksirei nyingi za kuzunguka mwili zinazounganishwa na kompyuta), kompyuta inaugeuza mfupa wa CT mpaka kivuli chake kilingane na kivuli kilichoko kwenye filamu. Kila fremu inakupa mahali ulipo mfupa. Ndani ya uso wa picha usahihi ni mzuri, karibu milimita 1 na digrii 1. Kuelekea kwenye bomba au kurudi nyuma, hafifu. Chukua mfupa wenye upana wa milimita 60 ulio milimita 900 kutoka kwenye bomba. Ukisogea milimita 5 kulielekea bomba, upana wa kivuli chake unabadilika kwa theluthi ya milimita hivi. Jicho la kompyuta halina cha kushika. Ndiyo maana anayetafuta kuteleza kwa upande hupiga kwa mabomba mawili yanayokatana, na hapo makosa hushuka chini ya milimita 1 na chini ya digrii 1 katika njia zote. Gharama yake ni mashine ya pili, kazi kubwa ya kompyuta, eneo dogo ambalo mgonjwa lazima alipite bila kutoka kwenye picha, na mionzi ya CT pamoja na ya filamu.

Kilicho sahihi kuliko vyote nilivyovitaja ni kile alichokijenga Göran Selvik kule Lund, Sweden, akakieleza kwenye tasnifu yake ya mwaka 1974. Vijipande vya mviringo vya madini ya tantali, vyenye kipenyo cha milimita 1 au pungufu, hupandikizwa ndani ya mfupa, kisha picha mbili za eksirei hupigwa kwa wakati mmoja kutoka pande mbili. Inaona kusogea kwa sehemu ya kumi ya milimita. Inafaa kujua kama goti la bandia limeanza kulegea kwenye mfupa. Kwa mgonjwa ambaye hafanyiwi upasuaji, kumtoboa mfupa ili kupima hakuna hoja. Inaendelea kutumika pia kama kigezo: watafiti huviweka vijipande hivyo kwenye mfupa wa maiti au wa mnyama, wanausogeza, kisha wanaona fluoroskopi imekosea kiasi gani.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi, na inaonyesha gegedu na kano ambazo eksirei haizioni. Mtu akiniambia "nikapime MRI nijue goti linakunja kiasi gani", namwambia asubiri. MRI ya kawaida ni picha ya mguu uliotulia, na tundu la mashine, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha sentimita 60 au 70, halimwachii mtu nafasi ya kukunja goti sana. Zipo namna za MRI za kufuata mwendo, lakini humtaka mgonjwa arudie tendo lile lile mara nyingi kwa mwendo ule ule, na mwenye maumivu hawezi.

Ukiambiwa "usahihi ni huu", uliza hivi

Nasisitiza hapa kwa wanafunzi. Mtu akikuonyesha kwamba kipimo chake na eksirei "vinapanda pamoja", hajakuonyesha kwamba vinalingana. Goniometa inayozidisha digrii 10 kila mara inapanda pamoja na eksirei vizuri kabisa. Wanatakwimu Bland na Altman waliliandika hili kwenye jarida la Lancet mwaka 1986, na njia yao unaweza kuifanya kwenye daftari: kwa kila mgonjwa toa kipimo kimoja kwa kingine, tafuta wastani wa tofauti hizo, kisha angalia zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani. Wastani unakuambia kosa la kudumu, ambalo unaweza kulipunguza kwa kulitoa. Mtawanyiko unakuambia kosa ambalo utaishi nalo. Mwenye kipimo asiyeweza kukupa namba hizo mbili hajakipima kipimo chake.

Kwa milimita kuna swali la ziada: picha imekuzwa kiasi gani? Bomba likiwa sentimita 100 kutoka kwenye kaseti na goti likiwa sentimita 10 juu yake, kila milimita 10 za mfupa zinaonekana 11 na kidogo. Pembe haiathiriki kwa mguu uliolala sawa na kaseti, milimita zinaathirika. Weka gololi ya chuma yenye kipenyo unachokijua usawa wa mfupa, uitumie kusahihisha.

Nani achague nini

Kijana anayecheza mpira Mkwakwani, goti linamtoka akigeuka ghafla, hana tatizo la kukunja. Ana tatizo la kuteleza. Goniometa itamwambia yuko salama, na itakuwa imejibu swali ambalo hakuuliza. Mkono wa daktari aliyezoea kulivuta goti kwa mbele ndio wa kwanza, akilinganisha na goti la pili. Tofauti ya milimita 3 kati ya goti na goti huanza kuhesabiwa, na ndogo kama hiyo inahitaji eksirei inayopigwa goti likiwa limevutwa, iliyosahihishwa ukuzaji wake, au kifaa maalumu. MRI kwake ina kazi: inaonyesha kama kano imekatika. Kwake safari ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili kule Dar, kilomita zipatazo 350, inaweza kuwa na maana, kwa kuwa jibu linaweza kumpeleka kwenye upasuaji.

Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya mzunguko wa muundi, ule unaotokea goti linapomalizia kunyooka, asijaribu kwa vialama vya ngozi. Atafute mahali penye fluoroskopi na CT, au abadili swali liingie kwenye uwezo wa chombo alicho nacho. Hakuna aibu katika kubadili swali.

Na mgonjwa aliyekakamaa goti aanze kwa kujua anataka kufanya nini. Kutembea tambarare hutaka kukunja digrii 60 hivi, ngazi 80 hadi 90, kuinuka kitini 90 na zaidi. Baiskeli, na huu ni mji wa baiskeli, hutaka kama 110. Kikao cha tahiyatu hupita 140. Mbuzi haimo kwenye jedwali lolote nililosomea, kwa hiyo nilikwenda Ngamiani nikampima binti wa yule bibi akiwa amekaa kwenye mbuzi ya mama yake: 115. Hiyo ndiyo tuliyoifanya shabaha. Dar hatukwenda. Hakuna namba ambayo kipimo kikubwa kingetupa na ikabadilisha mazoezi yake.

Wiki ya tisa alisoma 112 akikunja mwenyewe. Kati ya 112 na 115 kuna digrii 3, na goniometa yangu ina kosa la 5, kwa hiyo ilikuwa imefika mwisho wa maneno yake. Nikamwomba binti alete mbuzi. Bibi akaishika ubao, akashuka polepole, kisigino kimoja kikainuka kidogo kwenye sakafu. Akakaa. Akanyoosha mkono akaomba nazi.